Mbufu Hakuwa na Kosa

Ninyi wasichana mnaoanza kazi ya unga wa muhogo kwenye banda letu, shikamoo zenu nimezipokea. Mmeniomba niandike ninayoyajua, kwa kuwa mgongo wangu umekataa kuinama na siku hizi kazi yangu ni kukaa kwenye kigoda na kuwatazama. Nimekubali. Daftari hili litaning'inia hapo mlangoni, kwenye msumari wa kung'utia chekeche, na kila anayeingia kazini alisome kwanza. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zangu zinalala. Msizicheke. Someni.

Jambo la kwanza: msiniamini. Nikikuambia unga huu ni salama, nusa mwenyewe. Nikikuambia muhogo huu mtamu, gusa kwa ncha ya ulimi wako. Kazi hii nimeifanya miaka zaidi ya hamsini, na haikunifundisha kuamini. Ilinifundisha kushuku, na kwa muhogo mwenye kushuku ndiye mpishi.

Mahindi yakiharibika yanakuonyesha ukungu. Samaki akioza anakuita tangu mlangoni. Muhogo mchungu hauna tabia hiyo. Unaumenya, unakutazama mweupe kama gauni la komunio ya kwanza, hauna harufu, hauna doa. Ndiyo maana siupendi. Kitu kisafi namna hiyo kina kitu kimekificha.

Mtauliza kwa nini basi tunaupanda. Waulizeni nguruwe pori na nyani. Shamba la muhogo mtamu wanalivuna wao, wewe unaambulia mashimo. Shamba la mchungu wanapita kando kama watu wanaopita nyumba yenye mbwa. Basi wazee wa huku ziwani walipanda mtamu karibu na nyumba na mchungu pembeni, kuwa ukuta. Na mwaka wa njaa, ukuta ndio unaoliwa.

Mimi si wa ziwani. Nilizaliwa Maguu, kwenye kahawa na mahindi na ukungu wa asubuhi. Niliposhuka huku kuolewa sikujua kuogelea, sikujua kuparua samaki, na sikujua kwamba kuna muhogo unaoweza kumwangusha mtu. Kwetu mlimani kila kitu kilitiwa motoni: magimbi, viazi, maboga, maji ya kunywa. Ukiona shaka, chemsha. Ukiona shaka zaidi, chemsha tena. Tulikua tukiamini moto kama watu wanavyoamini mzazi. Huku ziwani nikakuta watu wanaamini maji. Likumbukeni neno hilo, maana kila kitu nitakachowaambia kinasimama juu yake.

Aliyenifundisha kazi ni mama mkwe wangu, marehemu Mama Sabina. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mwenye vidole vigumu kama vijiti. Hakueleza kitu. Alikuwa anaamuru. Muhogo uliomenywa ulowekwe siku tatu kukiwa na joto, nne kukiwa na baridi. Chungu kifunikwe na juu yake uwekwe mwiba, kwa sababu mbuzi akiyanywa maji yale utamchuna ngozi kabla ya saa za chakula. Siku ya nne unauminya. Ukivunjika laini kama kiazi kilichoiva, toa. Ukisikia moyo wake umelia "ka", rudisha majini, hata kama mgeni yuko mlangoni. Toa nyuzi, uvunjevunje mdogo mdogo, utandaze mwembamba juu ya mawe. Atakayeacha mabonge nitampiga kwa bonge hilo hilo.

Na kisamvu je? Kisamvu kitwangwe kwanza ndipo kione moto. Siku moja nilitaka kukichemsha kwanza kiwe laini, nipate kutwanga kwa urahisi. Akaninyang'anya sufuria. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu, "Kwa sababu nimesema." Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu, na mwalimu alikuwa mmoja.

Niliyafuata yale yote miaka mingi bila kujua sababu. Nilipeleka unga wangu sokoni Mbinga, na wateja walinijua kwa sura: yule bibi anayenusa gunia lake mwenyewe kabla ya kulifungua. Baadhi walinicheka. Walionicheka walirudi wiki iliyofuata na vikapu vyao.

Sababu niliijua nikiwa mzee tayari. Kabla ya mashine ya kukwangua mihogo kuletwa hapa bandani, Mwalimu Zuhura aliuita ushirika wetu wote shuleni kwake. Huyu ndiye anayefundisha sayansi sekondari, binti wa mwenye duka kule Mbamba Bay. Alisema kabla ya kutumia mashine inafaa tujue kinachofanyika ndani ya muhogo. Mimi niliingia kama ninavyoingia dukani kwa mtu nisiyemjua.

Akaanza na neno seli. Kila kitu chenye uhai, alisema, kimejengwa kwa seli, na muhogo nao una seli zake zisizohesabika. Nikamwuliza muhogo umekosa nini hata ukawekwa selo. Darasa likacheka, naye akacheka. Kisha akaeleza kwa upole kwamba seli ni chumba kidogo sana, kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na mmea ni nyumba ya vyumba hivyo, kimoja kimeshikana na kingine. Nikasema kitu kisichoonekana nimekisikia kanisani, na kule nilikubali kwa sababu nilibatizwa. Muhogo haujanibatiza.

Akatuletea darubini, kile chombo cha kukuzia vitu. Akachukua kitunguu chekundu abandue kingozi chake chembamba. Nikamzuia. Nikasema kitunguu chako sikitaki, inawezekana umekitengeneza. Nikatoa kitunguu changu kikapuni, nilichokinunua mwenyewe asubuhi ile. Mwalimu Zuhura akakipokea kwa mikono miwili, akasema, "Baba yangu angekupenda, Bibi. Yeye hata bati jipya analigonga kwanza."

Nikainama kwenye kile chombo. Wanangu, niliona. Niliona vyumba vimepangwa kama matofali mabichi juani, na karibu kila kimoja kimejaa rangi ya zambarau. Nikakisogeza kile kioo kwa kidole changu, nione kama ni picha imebandikwa. Vyumba vikasogea. Haikuwa picha.

"Hiyo rangi yote imo ndani ya mfuko mmoja mkubwa," Mwalimu alisema. "Mfuko huo unaitwa vakuoli."

Nikamwuliza kama mfuko umejaza chumba chote, wenyeji wamekaa wapi. Akasema wamebanwa ukutani. Nikaelewa mara moja, maana nimeona nyumba ya namna hiyo. Ni nyumba yenye kihenge cha nafaka ndani. Mwaka wa mavuno mazuri kihenge kinajaa hata watu wanalala wamejikunja pembeni, na hakuna anayelalamika, kwa sababu kilichowabana ndicho kitakachowalisha. Vakuoli ni kihenge cha seli. Humo mmea unaweka maji, sukari, rangi, ukali wa ndimu, uchungu, na taka usizojua pa kuzitupa.

Akadondosha tone la maji ya chumvi kwenye kile kingozi, akaniambia nitazame tena. Ile zambarau ikawa inajikunja. Mfuko ukasinyaa, ukaachana na ukuta, kama tumbo la mtu aliyefunga. Chumvi imeyavuta maji ya kihenge nje. Nikakumbuka kachumbari ukiitia chumvi mapema inavyolegea na kuogelea. Nikakumbuka mchicha ulionyauka sokoni, ukiulaza kwenye beseni la maji unasimama tena kama askari. Maji yanarudi kihengeni, kihenge kinasukuma ukuta, jani linasimama. Jambo hilo nimelifanya maisha yangu yote kuwauzia watu mchicha wa jana, na sasa nimeliandika, basi lijulikane.

Halafu akafika kwenye muhogo. Ndani ya kihenge cha muhogo mchungu mmeweka akiba mbaya, alisema, kana kwamba mihogo ni sisi. Akiba hiyo ikiwa peke yake imelala. Inafunguliwa na kitu kingine kinachoitwa kimeng'enya, nacho hakikai kihengeni, kinakaa ukutani. Sumu ndani ya mfuko, ufunguo umetundikwa ukutani. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Nguruwe akiutafuna, mfuko unapasuka, ufunguo unakutana na kufuli, sumu inatoka mdomoni mwake mwenyewe.

"Kwa hiyo na sisi," nikasema, "tukiupasua tunaitoa sumu."

"Ndiyo. Lakini sumu ikishafunguliwa inakuwa hewa. Ukiipa nafasi na muda, inaruka, inakwenda zake. Kazi yenu ni kupasua vihenge vyote, halafu kusubiri."

Nikaona zile siku nne za Mama Sabina. Muhogo unaoza kidogo majini, kuta zinalegea, mifuko inapasuka, sumu inafunguka na kwenda. Ule moyo unaolia "ka" ni vyumba ambavyo bado vimefungwa. Kutwanga kisamvu kabla ya moto ni kupasua. Yule mwanamke hakuwahi kuona darubini, na alikuwa anavunja vihenge kwa amri. Nikamwambia Mwalimu nimeelewa. Sikumwambia kwamba nimemwamini.

Sasa shikeni hapa. Siku ile alikuwapo Stela, kiongozi wenu wa sasa. Naye ni mtoto wa Maguu kama mimi, ameolewa huku, na wakati ule alikuwa na mtoto mchanga. Alisikiliza mpaka kwenye "kupasua vihenge vyote". Mtoto akalia, akatoka kwenda kunyonyesha. Aliporudi, somo la kusubiri lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyemsimulia, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amemsimulia. Mimi ni mmoja wao.

Mashine ikaja. Mnaifahamu kelele yake. Wenzenu waliowatangulia wakaipenda, mimi nikaiangalia kwa jicho la pembeni. Kitu kinachofanya kazi ya siku nne kwa saa moja, nilisema, kimeziiba zile siku mahali. Nililisema hilo kila siku mpaka likawa wimbo wao wa kunitania. Wifi yangu Leokadia ndiye aliyeongoza. Huyu ni mdogo wake marehemu mume wangu, mtoto wa mwisho wa Mama Sabina, naye anamenya mihogo hapa bandani kuliko msichana yeyote kati yenu. Alisema wifi yake hata baraka ya padri anainusa kwanza.

Mwaka jana, mwanzoni mwa muhula, ghala la shule yetu ya msingi liliishiwa mahindi. Mwalimu mkuu akaja kuomba unga wa muhogo kwa chakula cha watoto, uwe tayari Jumatatu. Stela alikubali. Ilikuwa sifa kubwa kwa banda letu. Wiki ile ile manyunyu yakashuka kutoka milimani na kukaa. Jua hakuna, mawe yamelowa, hakuna pa kutandaza. Mimi mgongo ulinilaza siku tatu, sikufika bandani.

Jumamosi asubuhi nikafika. Magunia sita yameshonwa yamepangwa mlangoni, na dereva wa guta anafunga kamba. Nikauliza jua mmelipata wapi. Stela akasema kwa furaha kwamba hawakuhitaji jua. Walikuwa wamekaanga. Mimi nikasikia "mashine" kabla hajaitaja, maana ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Nikafungua mshono wa gunia moja. Unga mweupe, mkavu, unanukia kama mahindi ya kuchoma. Nikachota konzi moja kwenye bakuli, nikaulowesha, nikaufunika kwa sahani, nikasali fumbo moja la rozari. Nikafunua, nikanusa.

Haukunuka kitu kingine.

Hapo ndipo niliposhuku. Unga ulioiva vizuri majini una uchachu wake, unausikia. Unga usioiva, ukiulowesha na kuufunika, una ule ukali unaopanda puani kama jani la muhogo lililosuguliwa. Huu haukuwa na cha kwanza wala cha pili. Ulikuwa kimya. Nikauweka kidogo kwenye ncha ya ulimi, nikatema. Uchungu ulibaki nyuma kabisa ya ulimi, haukutaka kuondoka.

Nikaweka kigoda pembeni, nikakaa juu ya magunia.

Stela aliomba kwa heshima. Dereva aliomba. Leokadia, na kisu chake cha kumenyea mkononi, akasema sasa wifi ameamua kuatamia. Wakacheka wote, nami sikuwalaumu, maana mwanamke wa umri wangu juu ya gunia anafanana na kuku. Lakini sikushuka.

"Bibi, simama basi," Stela akasema. "Jumatatu watoto watakaa na njaa."

Nikamwambia njaa naijua, nimekaa nayo nyumba moja. Anayelala njaa leo anaamka kesho. Anayekula unga wa namna hii siku moja anatapika na kuanguka, na anayeula wiki kwa wiki bila maharage wala samaki, miguu yake inakakamaa na hainyooki tena. Mmewaona watu wa hivyo wakitembea kwa ncha za vidole. Hawakuzaliwa hivyo.

"Unaichukia mashine tu, Bibi. Mwalimu mwenyewe alisema tupasue. Mashine imepasua kila kitu, hakuna hata bonge."

Alisema kweli. Mkono wangu haukukuta bonge. Nikamwambia aitwe Mwalimu, na kama Mwalimu akisema unga ni mzuri, nitaubeba mwenyewe kwa kichwa mpaka shuleni.

Mwalimu Zuhura akaja na mwavuli wake. Alisikiliza pande zote mbili. Kisha akamwuliza Stela swali moja tu: baada ya kukwangua, mlisubiri muda gani ndipo mkatia motoni?

"Kusubiri nini, Mwalimu? Ulikuwa unatoka mashineni unaingia kwenye karai. Moto mkali. Moto unaua kila kitu."

Mwalimu akafunga macho kidogo. Akasema moto umeuwahi ufunguo. Kile kimeng'enya hakivumilii moto. Vihenge vimepasuka, ndiyo, lakini kabla ufunguo haujafanya kazi yake, umeungua. Sumu imebaki humo humo imefungwa, haina harufu kwa sababu haijafunguliwa. Na tumboni mwa mtoto, alisema, kuna funguo nyingine.

Mashine haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeishuku miezi yote ile, nikaacha kumtazama mwizi niliyekuwa namjua tangu ujana. Siku hazikuibwa na mashine. Ziliibwa na moto.

Stela hakukubali upesi. Alikuwa analia sasa, kwa kazi ya wiki nzima na mikono iliyoungua. "Kwetu Maguu tumechemsha kila kitu," alisema. "Kila kitu. Na hakuna aliyekufa. Bibi, wewe ni wa kule, waambie."

Nikajua zamu yangu imefika. Ningeweza kusema tu kwamba Mwalimu amesema, basi. Lakini maneno ya Mwalimu tayari yalikuwa yamemwingia Stela nusu tu siku ile ya somo, na yakapotea. Kilichohitajika ni kitu asichoweza kukisahau. Na kitu hicho nilikuwa nacho mimi, nimekifunga miaka hamsini na kitu, na mwenye kukimiliki alikuwa amesimama mbele yangu na kisu cha kumenyea.

Nikasema, "Nitawaambia. Leokadia, wifi yangu, nawe sikia. Wewe utotoni hukudhuriwa na samaki mbufu. Nilikudhuru mimi."

Ilikuwa Februari ya mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, mahindi bado machanga shambani. Mama Sabina alikwenda msibani Kingerikiti, akaniachia nyumba na Leokadia, mtoto wa miaka mitano aliyenifuata kila nilipokwenda. Unga ulikwisha. Nikaenda shambani, nikang'oa mihogo ya pembeni kwa kuwa ilikuwa minene na nyani hawakuigusa. Hata sikujiuliza kwa nini nyani hawakuigusa. Nikaimenya, nikaichemsha kwa chumvi muda mrefu, kama mtu wa Maguu. Nikaweka na mbufu, wale samaki wetu wa ziwani, ambao mume wangu alikuwa amewaleta jana yake. Kipande kikubwa nikampa mtoto, kwa sababu nilimpenda. Bibi arusi huona haya kula sana, kwa hiyo mimi nilikula kidogo.

Jua halijafika utosini mtoto alikuwa anatapika. Kisha miguu yake ikawa haimshiki. Alikuwa ananiita Wifi, na anayeitwa ndiye aliyemlisha. Tulimbeba mpaka zahanati ya masista. Mama Sabina alitukuta huko, amekwisha kupita nyumbani na kuona maganda jalalani. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliokota ganda moja, akaligusa kwa ulimi, akalitupa. Kwa muuguzi alinong'ona ukweli. Kwa majirani waliojaa uani alisema kwa sauti, "Ni mbufu. Samaki alilala, akaharibika."

Mtoto alipona. Nilipiga magoti kumshukuru mama mkwe, akaniinua kwa kunivuta sikio. Akaniambia angesema ni mihogo, watu wangesema msichana wa mlimani ametumwa kumlisha sumu mtoto wa ziwani, na jina hilo halifutiki. Halafu akasema, "Nimekulipia kwa uongo. Wewe utalipa kwa kushuku. Kuanzia leo usiuamini muhogo wowote, hata niliokumenyea mimi."

Nililipa. Wenzenu wameniona nikilipa kila siku, wakadhani ni ukali wa uzee. Lakini uongo ule nao ulidai malipo yake. Ungesemwa ukweli siku ile, kila msichana wa mlimani anayeshuka huku kuolewa angeupokea pamoja na kitenge chake: huku usiuamini moto. Stela angeujua. Badala yake kijiji kizima kilijifunza kumwogopa mbufu, samaki asiye na hatia, na Leokadia hakumtia mdomoni tena.

Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Stela alikuwa amejifuta machozi kwa mikono yenye unga, uso mweupe kama mtu aliyetambikiwa. Akaniambia, "Shuka, Bibi. Tuchimbe shimo."

Tulichimba nyuma ya banda, kina cha mtu mzima, tukamwaga magunia yote sita, tukafukia na kutia miba juu kwa ajili ya mbuzi. Nimewahi kuzika watu kwa shughuli ndogo kuliko hiyo. Jumatatu watoto walikunywa uji wa mahindi. Kila nyumba ilitoa kibaba, hata zile ambazo najua hazikuwa na kibaba cha kutoa. Na siku hizi, mnajua wenyewe, kilichokwanguliwa kinakaa kwenye viroba usiku na mchana kimekandamizwa kwa mawe, kinachuruzika, ndipo kinatandazwa chembamba. Jua likikosekana, tunangoja jua. Moto ni wa mwisho, wa kusongea ugali, na hata hapo mimi huutazama.

Leokadia siku ile aliweka kisu chini na kuondoka. Hakuja bandani Jumatatu, hakuja Jumanne. Nilisema basi, nimempoteza, na nimempoteza kwa haki.

Jumatano jioni akabisha. Ameshika beseni, ndani yake mbufu wawili wabichi, macho yao bado maangavu. Hakunisalimia. Akasema, "Pika. Na mimi nakaa hapa hapa nakuangalia."

Nikawaparua, nikawaosha, nikawatia nyanya na kitunguu. Alitazama mikono yangu kila ilipokwenda. Samaki walipoiva akachukua bakuli, akanusa pande zote, kisha akanisukumia. "Anza wewe."

Nikala. Akakaa ananitazama kama tunavyoutazama unga uliofunikwa kwa sahani. Aliporidhika, akavuta bakuli kwake, na wanangu, sijawahi kuona mtu akila samaki namna ile. Alimaliza nyama, akarudi kwenye vichwa, akanyonya kila mfupa.

"Miaka hamsini," akasema. "Mama yangu na wewe. Wezi wawili."

Nikasema ndiyo.

Akalamba vidole, akaomba ugali. Nikamwuliza anataka wa mahindi au wa muhogo. Akanyoosha kiganja kitupu.

"Wa muhogo," akasema. "Lakini kwanza nipe unga niunuse."